Mama wa Mbao za Theluji

Mama mwenye duka la mbao za kuteleza kwenye theluji, pale Nozawa, Japani, hakuwa na desturi ya kumuuliza mteja umri. Kila ubao aliubana magotini, akaupinda kwa vidole vyake vinene, akausikiliza. Natsuho, aliyetamani kujifunza kuruka kwa mbwembwe akiwa na miaka hamsini, alingoja akiona haya.

“Chukua huu, mdogo wangu. Ni mlaini, ncha zote sawa. Hata ukitua kinyumenyume, utakusamehe.”

“Watanicheka.”

“Wacha wacheke, wewe utakuwa juu.”

Mama akavua viatu, akaupanda ubao palepale zuliani, akafumba macho. Magoti yakalegea, mikono ikaelea polepole, na nje ya kioo theluji ikaendelea kudondoka. Natsuho akasogea taratibu, akiogopa kumwamsha. Kisha naye akavua viatu vyake.