Daftari la Bernadeta wa Ziba

Bernadeta wa Ziba alikuwa na kifafa tangu utotoni. Mwaka 1952 kifafa kilimwangusha kando ya kisima mbele ya watu. Baba yake mdogo, Ambrosi, akasema ni pepo, akamfunga kamba ya ng'ombe na kumchapa fimbo mpaka mgongo ukachanika. Alipozinduka, alikuwa bado anapigwa.

"Baba mdogo, ni mimi!"

"Sisemi na wewe. Nasema na huyo aliyemo ndani!" Pigo lililofuata likamng'oa jino.

Wanawake waliokuwa wakiteka maji walipomfungua, Bernadeta aliokota mpini wa jembe, akamvunja Ambrosi mkono. Hakujuta.

Akiuguza majeraha, aliandika daftari dogo kwa ajili ya watoto aliowafundisha kusoma kanisani: "Nikianguka, nilazeni ubavu. Msinifunge. Msinipige. Nitaamka." Walilisoma kwa sauti wiki nzima.

Mwezi uliofuata alianguka darasani. Mzee wa kanisa akaja mbio na fimbo. Watoto wakamzunguka mwalimu wao. Fimbo ilimpasua Katarina, binti wa miaka kumi, paji la uso, lakini hakuna aliyesogea. Mzee akaona damu ya mtoto, akatoka.

Bernadeta alipozinduka, alichana kanga yake, akamfunga Katarina kichwa, wakalia pamoja.