Nicanor Asizikwe Lang'ata

Kama ungetaka kumjua Risper, ungepita jioni pale njia panda ya kwetu Kibera umkute akikaanga samaki, mikono ya blauzi imekunjwa, anabishana na mteja juu ya kichwa cha ngege. Alikuwa na mdomo, yule mwanamke. Askari wa kanjo, wale wa jiji, wakija kumwaga mafuta yake, alikuwa akiwaambia wamwage polepole wasije wakajiunguza halafu alaumiwe yeye. Nicanor, fundi wa vitanda, alimwoa huko upande wa ziwa akamleta Nairobi, na miaka yote tuliyokaa ukuta mmoja, mimi Musimbi, mama yake Shivachi, na wao, sikuwahi kumwona akiogopa kitu. Kwa hiyo siku nilipomwona ameogopa, nilijua mambo yameharibika.

Ulikuwa mwaka ule wa kipindupindu. Uhuru ulikuwa na miaka kumi na kitu, na sisi bado tulikuwa tunapanga foleni kwenye mfereji mmoja wa maji ya bomba tangu alfajiri. Serikali ilituletea kipaza sauti kabla ya kutuletea maji, na hilo mpaka leo linanikera. Landrover ya Wizara ya Afya ilipita ikitangaza: chemsheni maji, msiuze chakula kando ya barabara, mgonjwa apelekwe kwenye hema lililowekwa pale barabarani. Na atakayekufa kwa ugonjwa huu atazikwa na serikali siku hiyo hiyo, kwenye makaburi ya Lang'ata, hapa hapa Nairobi. Hakuna kusafirisha maiti, hakuna matanga.

Watu wakashika hilo la maiti tu, hayo mengine wakayaacha barabarani. Nairobi tulikuwa wapangaji. Chumba ni cha mtu, kazi ni ya leo kesho hakuna, lakini kaburi kila mmoja wetu alikuwa nalo nyumbani kwao na hakuna mwenye nyumba wa kumfukuza huko. Risper alikuwa akisema kufa hakumsumbui. "Lakini nitupwe kwa shimo la serikali na watu sijui ni kina nani? Apana!"

Afisa wa afya aliyepewa upande wetu alikuwa Kilonzo, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole. Ploti nzima ilikuwa imeshaamua kwamba ugonjwa umekuja na samaki wa Risper. Kilonzo akatuita chooni, sisi wanawake wote, akatuonyesha jinsi maji machafu yalivyokuwa yakitiririka kutoka kule nyuma hadi penye mfereji.

"Si samaki, si hewa, si kabila ya mtu," alisema. "Ni choo kimeingia kwa maji, na maji yameingia kwa mdomo. Basi."

Tukaona haya. Lakini meza ya samaki ilifungwa pamoja na zingine zote, na Risper alimtukana Kilonzo mpaka kijana wa watu akapotea nje ya lango.

Asubuhi moja nikamsikia Nicanor anatapika ng'ambo ya ukuta. Akatoka mbio kwenda chooni, akarudi, akatoka tena, halafu hakuweza kutoka. Nikamwona Risper akipita na beseni lenye maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Choo kilikuwa kimoja na watoto wangu walikuwa wanakitumia. Niliwafungia ndani, nikamfuata.

"Mama Adero," nilimwambia Risper, "huyu apelekwe kwa hema."

"Ni malaria."

"Malaria gani hiyo ya beseni? Usinifanye mtoto!"

Alinishika mkono. "Mama Shivachi, wakimchukua akafia huko, mama yake nitamwambia nini? Kwamba kijana wake alizikwa na watu wamevaa gambuti, bila hata mtu wa kumlilia?"

Alikuwa ameshamtumia ujumbe Lazarus, kaka mkubwa wa Nicanor aliyekuwa akiishi Kawangware. Lazarus alifika jua likiwa kali, amevaa koti la kanisani, na alikuja na mpango wake. Maiti inazuiwa njiani, alisema, lakini mtu anayepumua ni abiria. Wamvalishe vizuri, wampeleke kituo cha mabasi, na hata akikata roho baada ya Nakuru, basi litakuwa linaelekea nyumbani. Alisema hivyo mbele ya mgonjwa. Nicanor alikuwa macho, na hakupinga. Nilidhani amekubali, kumbe hakuwa na nguvu ya kusema.

Walimlaza kwenye mkokoteni wake mwenyewe, ule wa kusafirishia vitanda, wakamfunga matambara kama mtoto mchanga na kumfunika blanketi. Nilifuata nyuma nimebeba kikapu cha Risper. Sikutaka kwenda, nilikuwa naogopa hata kupumua karibu na blanketi lile, lakini ungeniambia nimwache vipi?

Kabla ya kufika barabarani Nicanor aliomba maji. Risper alikuwa na chupa ya maji aliyoyachemsha. Alipoifungua tu, Lazarus akamshika mkono.

"Usimpe. Akinywa atachafua, na wakiona tutashushwa. Wacha akauke afike."

Risper alimtazama mume wake. Macho yalikuwa yamezama ndani, ngozi ya vidole imejikunja, midomo imepasuka. Akaomba tena, kwa sauti ya mtu aliye mbali. Nami nikaona uso wa Risper ukibadilika. Alikuwa ameogopa Lang'ata tangu asubuhi. Sasa alikuwa anamwogopa shemeji yake.

Hema lilikuwa mbele yetu, na Kilonzo amesimama mlangoni na ndoo ya dawa. Lazarus alisukuma kwa haraka apite. Risper akakimbia mbele akaketi chini katikati ya njia, gurudumu likasimama kwenye magoti yake.

"Wewe!" alimwita Kilonzo. "Huyu akifa hapa, mtamzika wapi?"

Kilonzo alimjua. Angeweza kumdanganya, na sote tungemwamini kwa hofu tuliyokuwa nayo. "Lang'ata, mama. Leo leo. Hiyo ni sheria, siwezi kukuficha."

"Na asipokufa?"

"Kidudu cha ugonjwa sicho kinachomuua saa hii. Anakufa kwa kukauka. Nipe nafasi nimrudishie maji."

Lazarus alikuwa anapiga kelele kwamba mke hana ruhusa ya kuamua mtu wao azikwe wapi, kwamba ukoo mzima utamlaani. Risper alikuwa analia waziwazi, kamasi zinatoka, lakini hakuinuka. "Shemeji, nipitie juu," alisema. "Nipitie juu na gurudumu uende."

Lazarus hakuweza. Wauguzi wakaja, wakamnyanyua Nicanor, wakamtia drip mikono yote miwili. Sisi tulipewa dawa na kuambiwa tukae nje ya kamba. Risper alikaa pale akitazama kila machela iliyotolewa. Kila iliyofunikwa alikuwa anaruka na kuuliza ni nani, na mimi nilikuwa namshika kiuno asivuke kamba.

Nicanor hakutolewa kwa machela. Baada ya siku chache alitoka kwa miguu yake, suruali inamdondoka, anauliza kama kuna ugali.

Jumapili iliyofuata Lazarus alikuja kutoka Kawangware, akakaa karibu na mlango kama mgeni. Nicanor alimeza chai, akauliza, "Mimi sikumbuki kitu. Nani alisema nipelekwe kwa hema?"

Lazarus aliinama. Risper alikuwa anachochea makaa, hata hakugeuka. "Ni Lazarus," alisema. "Mimi niliogopa. Yeye ndiye alisukuma."

Nicanor aliweka kikombe chini akampa ndugu yake mikono yote miwili. Lazarus aliipokea, akaishika mpaka chai ikapoa.

Nilimngoja Risper mferejini nimgombeze. Kwa nini ampe yule mtu sifa ambayo si yake? Aliweka debe lake chini.

"Mama Shivachi, Nicanor bado atakufa siku moja," alisema. "Nani atampeleka nyumbani?"