Kombe la Asubuhi ya Operesheni

Jamani, hili nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, na msinicheke kabla sijamaliza, maana mwisho wake hauchekeshi.

Mjukuu wangu Shabani alizaliwa mguu wa kushoto umepindia ndani, unyayo unatazama juu. Miaka miwili mie na binti yangu Mwajuma tulimfunika kanga ili watu wa Temeke wakose la kusema (walilipata hivyo hivyo). Ndipo tukasikia kuna daktari bingwa wa mifupa, anakuja mara mojamoja, anapasua miguu ya namna hiyo na kuinyoosha, ila mtoto awe bado mdogo, mifupa haijakomaa. Shabani akapata nafasi, akalazwa, na nesi akatuonya kwamba tangu usiku asile wala asinywe kitu.

Basi asubuhi nikafika wodini nimpokee Mwajuma akaoge, na kikapuni nina kombe, aya alizoandika mwalimu wa madrasa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, nikazitia chupani. Nikajiambia kombe si chakula, ni dua, na mtoto aingie kwenye kisu bila dua kwa nini? Nikamnywesha. Akakunja uso, akatema, na kombe halimwagwi ovyo, kwa hiyo nikamega kitumbua changu cha chai, kila funda na kipande chake, ili literemke. Kombe likaisha, kitumbua kikaisha, na cha pili.

Watoto wengine wanalia njaa, Shabani anapiga makofi.

"Bibi, huyu hajala kweli?" nesi akauliza.

"Wallahi hajatia kitu mdomoni." (Kombe nililihesabu si kitu, vitumbua nikaviruka.)

Nesi akawageukia kina mama wengine. "Mnamwona bibi huyu? Mtoto wake katulia, nyie mnatupigia kelele tu."

Hapo nikajishebedua, nikaweka kanga vizuri begani, nikaanza kuwafundisha wenzangu namna ya kumtuliza mtoto mwenye njaa, na wakanisikiliza, maskini.

Tukafika mlangoni pa chumba cha upasuaji, Shabani juu ya machela, daktari kainama amshike mguu, na mtoto akatapika. Nguo za daktari zote zikalowa maji ya njano yananukia marashi, vitumbua ndani yake vinaonekana. Kina mama niliowafundisha walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu.

Daktari hakugomba, na hiyo ndiyo iliyoniua. "Bibi, angetapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, yangeingia mapafuni. Tungekukabidhi maiti."

Shabani akaondolewa kwenye zamu, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya daktari, kesho yake anasafiri.

"Mama, uliapa," Mwajuma akasema, karudi kuoga na nesi kishamweleza yote, akambeba mwanawe.

Daktari aliporudi mtoto alishapita miaka minne, mifupa imekomaa, ikabidi wakate mpaka mfupa. Anatembea, alhamdulillahi, lakini anachechemea, na akikimbia na wenzake mie huwa najitafutia kazi jikoni.

Kombe sijaliacha, dua ni dua. Ila wakisema mtoto asile, mie nitamwombea nikiwa kwangu, kikapu sishiki tena. Hata hivyo operesheni yenyewe ilipofika Mwajuma hakuniambia siku. Nilisikia kwa jirani kwamba mtoto karudi na plasta mguuni, nikaenda kwao Buguruni, walikohamia, nikapiga hodi. Akanipokea kwa adabu zote, shikamoo mama, akaniwekea kiti, mbali na kitanda cha mtoto.