Samli Kwenye Mashine ya Babu

Mwezi uliopita nilishuka uwanja wa Ibadakuli, Shinyanga, kwa ndege, mimi niliyeondoka huku zamani nimekaa juu ya marobota ya pamba kwenye lori. Nalisema bila aibu, rafiki yangu, kwa sababu nauli nililipa mwenyewe, na stashahada yangu ya ufundi mitambo hakuna mjomba aliyenisomesha. Leo nina karakana Kalangalala, Geita mjini, na pampu ikigoma machimboni wananitafuta mimi kabla ya kumtafuta mganga. Ila siku ile sikwenda Geita moja kwa moja. Nilipitia Kambarage, palepale Shinyanga mjini, kumsalimia baba mkubwa, na katika stoo yake, nyuma ya magunia ya mpunga, nikakuta kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu. Nilipolitikisa likalia krr, krr. Nikajua kabla sijafungua. Ilikuwa mashine ya kuvulia ya babu.

Kama hujawahi kuiona, ni kigurudumu cha chuma kinachofungwa juu ya fimbo ya kuvulia. Mshipi umezungushiwa humo, ubavuni kuna mpini wa kuuvuta, na chini ya mpini kuna nyota ndogo ya kukazia breki, ili samaki mkubwa akivuta mshipi utoke kidogo kidogo bila kukatika. Babu alipewa na mgeni wa mgodini ambaye yeye babu alimpikia miaka mingi. Mgeni alirudi kwao, babu akarudi kwake kando ya ziwa, na mimi nikapelekwa kulelewa huko, kwake na kwa bibi.

Majirani walimcheka sana. Walisema wamewaona Wasukuma wakichunga ng'ombe, lakini huyu ni wa kwanza kuchunga samaki kwa mashine. Babu hakujali. Mkono wake wa kushoto ulivunjwa na maksai wakati wa kulima, ukaunga vibaya, na mtu wa mkono mmoja hawezi kuvuta nyavu wala mshipi mtupu. Kwa mashine ile alibana fimbo kwapani, akazungusha mpini kwa mkono wa kulia, na sangara akapanda mwambani. Jioni bibi alimpika na nyanya chungu, tukala kwa ugali wa mtama, na babu akakaa kwenye kigoda chake kama mtu aliyelisha watu.

Sasa nikwambie nilichofanya. Likizo ya mwezi wa sita, babu alipokwenda na ng'ombe joshoni kuwaogesha dawa, aliniagiza niipake mashine mafuta. Kichupa cha mafuta ya cherehani kilikuwa kimekauka. Kwetu kitu kikikauka kilipakwa samli: miguu yetu, kamba za ngozi, hata bawaba za mlango. Nikafungua ubavu wa mashine, nikachota samli ya bibi kwa vidole viwili, nikaipaka kila mahali palipong'aa na palipofifia. Nikafunga. Nikajiona mtoto wa maana.

Wiki haikuisha. Asubuhi mpini ukawa mzito kana kwamba umelehemiwa. Mchana ukawa mwepesi kupita kiasi: babu anazungusha, samaki anaondoka na mshipi wake taratibu, na nyota hata uikaze mpaka mwisho haishiki. Akapoteza sangara mkubwa mbele ya watu. Fundi baiskeli, jirani yetu, akaitazama, akasema meno yamekwisha, hiyo ni chuma chakavu. Habari zikafika Kambarage. Baba mkubwa akaagiza kwamba Jumamosi anakuja na pikapu kumchukua mzee akapumzike mjini, kwani amebaki kufanya nini ziwani na mkono ule? Babu hakubisha. Akasema kama mashine imekufa, atapanda gari. Halafu akaacha kula vizuri.

Babu alikuwa akiniita mchumba wake, na bibi akiniita mke mwenzake. Wiki ile hakuna aliyetaniana na mimi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nasukasuka maziwa. Unakumbuka kazi hiyo? Kibuyu mapajani, mbele, nyuma, mpaka sauti ya maziwa ibadilike na mikono ife ganzi. Baridi ya kipupwe ilikuwa kali, na bibi alikuwa akikwangua samli kwenye kopo kwa kijiko, imeganda kama nta. Akaliweka kopo juani. Nilipomaliza, jua likiwa kichwani, samli ilikuwa maji, inayumba humo ndani.

Nikaitazama. Asubuhi ngumu, mchana inateleza. Kama mpini wa babu.

Siku nzima nilikaa na jambo hilo. Nikinyamaza, babu anakwenda Kambarage kukaa barazani kama mzigo uliosahaulika. Nikiifungua mashine, harufu itanitaja. Ijumaa nikachukua ungo wa bibi, nikakaa uani, nikaanza kufungua. Kila kilichotoka nilikipanga kwenye ungo kwa mstari, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, na mpaka leo mafundi wangu wote hupanga hivyo au hawafanyi kazi kwangu. Springi moja iliruka, kuku akaiwahi, nikamfukuza nusu ya kijiji mpaka akaitema.

Meno yalikuwa mazima kabisa. Ndani ya gia kubwa ndimo breki ilimokuwa: visahani vya chuma na vya ngozi, kimoja juu ya kingine, vyote vimelowa samli. Breki iliyopakwa mafuta itashika nini? Vya chuma nikaviosha kwa mafuta ya taa kutoka kwenye koroboi. Vya ngozi havikufaa tena. Nikaomba ala ya kisu ya babu, ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe, nikachora miduara kwa bikari ya shule, nikakata kwa wembe, nikatoboa katikati kwa msumari wa moto.

Babu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akainama, akakiokota kisahani cha zamani, akakinusa.

"Nani ameweka samli humu?"

Niliinamia ungo, nikapanga upya visahani vilivyokwisha kupangwa. Bibi alikuwa akichambua mchicha karibu na jiko. Hakuinua hata kichwa.

"Ni mimi, mzee. Niliisikia inalia, nikaionea huruma."

Babu akamtazama bibi, akanitazama mimi, akarudisha kisahani kwenye ungo. Akasema tu kwamba mwanamke akionea chuma huruma basi amezeeka.

Jumamosi baba mkubwa alifika mchana, jua kali. Babu akafunga mshipi kwenye kamba ya ndama, akabana fimbo kwapani, akaniambia nimchape. Ndama akatimua. Mashine ikalia, mshipi ukatoka, babu akakaza nyota kidogo, na ndama akapunguza mwendo, akasimama, akageuka kutushangaa. Fundi baiskeli alikuwapo. Akakumbuka ana gurudumu la mteja linamsubiri. Baba mkubwa alilala siku moja, akarudi Shinyanga na gunia la michembe, vile viazi vya kukausha, kwenye pikapu badala ya baba yake. Babu akavua miaka mingine mingi, na kijiji kizima kikaniita fundi. Sikukanusha. Jina hilo nimelibeba mpaka kwenye kibao cha karakana.

Nilipolitoa kopo stoo mwezi uliopita, nikamwambia baba mkubwa ukweli. Samli ilikuwa yangu. Nilitegemea ashangae. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama yangu apoteze samli kwenye chuma? Mzee alijua palepale. Alinisimulia usiku ule niliolala kwake, akaniambia nisithubutu kukuuliza."

Nimeifungua tena, hapa Kalangalala, juu ya ungo nilioununua sokoni kwa kazi hiyo. Ngozi nilizokata zimekuwa ngumu kama kucha, na mmoja wa miduara umepinda, bikari iliteleza. Sikuzibadilisha. Mwamba wa babu sasa uko ndani ya uzio wa watu, ng'ombe waliuzwa, na samli tunanunua dukani kwenye ndoo ya plastiki, haina harufu ya moshi. Watoto wangu hawajawahi kusukasuka kibuyu. Bibi na babu wamelala pamoja nyuma ya nyumba ambayo haipo.

Mteja akiuliza nani alinifundisha ufundi, zamani nilimwonyesha cheti ukutani. Bado namwonyesha, nilikitolea jasho. Kisha namwonyesha mashine iliyo chini yake, nazungusha mpini ilie, na kumsimulia habari za bibi aliyekuwa akichambua mchicha.