Kofia Mkono wa Kushoto

Mama yangu alikuwa na tabia ya kusimama. Kila siku, ikifika saa kumi na mbili jioni, aliacha alichokuwa akifanya na kusimama wima dakika tatu hivi, mikono imeshuka, macho mbele. Katika nyumba yetu ya kupanga pale Highview, Louisville, maharage yaliungua mara mbili kwa wiki kwa sababu hiyo. Siku moja alisimama katikati ya maegesho ya duka, mfuko wa unga wa fufu kifuani, na gari lililokuwa nyuma yake likapiga honi mpaka watu wakageuka. Nilimvuta mkono. Hakusogea.

"Mama, hapa si kule," nilimwambia alipomaliza.

"Ninajua hapa haiko kule. Miye si mujinga."

Ilikuwa 2015. Nilikuwa nabeba maboksi ghalani kutwa nzima, na nikirudi nyumbani sikuwa na subira ya kumgawia mtu, hata aliyenizaa.

Kule ni mji wetu, mashariki ya Kongo, mji uliokatwa na mto. Upande wetu ulishikwa na askari waliotoka ng'ambo ya mpaka. Waliweka kambi kilimani, katika shule ya matofali ambayo mimi nilipaswa kuanzia darasa la kwanza, wakakaa mpaka tukawazoea. Walilima mahindi nyuma ya madarasa. Walifuga kuku, na kuku wao walishuka kula kwetu bila hodi. Wengine walitujua watoto kwa majina. Hayo yote hayakuwazuia kufunga daraja. Upande wa pili kulikuwa na wapiganaji wengine, na baba yangu alikuwa amevuka kwenda kumwuguza mama yake wiki ileile. Alibaki huko miaka mitatu.

Sheria ya kambi ilikuwa hii: saa kumi na mbili jioni askari mmoja mwembamba alipuliza filimbi, bendera yao ikaanza kushushwa, na kila mtu akasimama pale pale alipo, wanaume wakavua kofia. Hukusogea mpaka filimbi ya pili. Bunduki za kilimani zilifika hadi ukingo wa pili, kwa hiyo hata waliokuwa mtoni upande ule walisimama. Wakati mwingine wowote, ukionekana ukingoni unatazama ng'ambo, uliitwa kilimani ukaeleze unampa nani ishara. Lakini filimbi ikishalia, hakuna aliyekuuliza kwa nini umesimama.

Mama aliona mlango hapo. Jioni alishuka kufua nguo, na baba upande wake alishuka kuchota maji. Filimbi ilipolia, walikuwa wamekwisha kujipanga uso kwa uso, mto katikati. Hawakuweza kupunga mkono wala kuita. Baba alituma neno kupitia kwa mwanamke mmoja aliyevushwa kwa siri kuuza chumvi: kofia ikiwa mkono wa kushoto, mimi ni mzima. Ikiwa mkono wa kulia, nina shida. Basi ndoa ya wazazi wangu ilikaa ndani ya kofia miaka mitatu. Kila siku tukirudi nyumbani mama aliniambia, "Kushoto," tukala kwa amani.

Anaapa kwamba yule askari wa filimbi alijua, na kwamba jioni nyingine aliichelewesha filimbi ya pili makusudi ili watazamane. Mimi nilikataa kuamini. Mtu huyo alimpiga fundi cherehani jirani yetu kwa sababu mguu wake uliendelea kukanyaga pedali. Lakini nilikuwepo mtoni, nimeshika sketi ya mama, na lazima niseme kweli, jioni nyingine zilikuwa ndefu.

Kisha vita vikaja asubuhi moja. Sisi tulikimbilia milimani, baba upande wake. Tukaishi kambi ya wakimbizi Burundi miaka mingi, halafu ndege, halafu Louisville. Habari ya baba hatukuipata popote.

Tulipojaza fomu za makazi ya kudumu, mkalimani nilikuwa mimi. Penye hali ya ndoa niliweka alama kwenye "mjane". Sikumwuliza. Nilijiambia naokoa muda, na huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimechoka kumngoja mtu ambaye uso wake nilikuwa nimeanza kuusahau.

Mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja anayeishi Westerville kule Columbus, naye alikuwa amechoka. Alisema tufanye matanga, tumlilie shemeji yake hata bila kaburi, mama apumzike. Tarehe ikapangwa, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Nilitegemea mama abishe. Alisema tu, "Bon. Tutaenda." Jibu lile liliniogopesha kuliko ugomvi.

Nyumba ya mama mdogo ilijaa watu wa kanisa. Kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, na fufu, samaki wa kukaanga, trei juu ya trei. Mchungaji alikuwa katikati ya maombi ilipofika saa kumi na mbili. Mama akasimama. Watu wakadhani ameguswa na Roho, nao wakaanza kusimama mmoja mmoja, na mimi nikainamisha kichwa ili nisicheke kwenye msiba wa baba yangu.

Maombi yalipokwisha, mgeni mmoja aliyetoka Buffalo akamsogelea.

"Mama, kule kwetu kuko muzee mumoja anafanyaka vile vile. Pale West Side, ku stop ya basi. Anatosha kofia ku kichwa, anasimama. Basi inakuya, inaenda, yeye hatingishike. Siye tunasemaka labda kichwa imechoka."

"Jina yake nani?" nikauliza.

"Sijuwe, dada. Ninamuonaka tu nikitoka ku kazi."

Nilikuwa tayari kumkumbusha mama kwamba mji wetu mzima ulifundishwa kusimama vile. Lakini yeye aliuliza jambo moja tu.

"Kofia anashikaka na mukono gani?"

Mgeni akafikiri. Akajipanga karibu na kochi, akavua kofia yake mwenyewe, akaihamisha huku na huku akijaribu kukumbuka.

"Ya kulia," alisema. "Donc, kila siku ya kulia."

Mama akaketi sakafuni. "Iko na shida," alisema. "Hii miaka yote iko ananiambia iko na shida, na miye sikuwa pale."

Ndipo nilipomwona akilia.

Asubuhi mama mdogo alitufungia chakula cha matanga, tukaondoka kwenda Buffalo. Njiani gari lilinuka samaki. Tulipopita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nikamwambia, "Mama, kwenye fomu niliandika wewe ni mjane."

"Ninajua. Niliona kalamu yako inasimama pale." Akaninyooshea kidole. "Utabadirisha."

"Na kama si yeye?"

Akashusha kioo harufu ya samaki itoke.

Tulifika Buffalo mapema, tukakaa ndani ya gari kati ya nyumba za mbao, kituo cha basi kikiwa upande wa pili wa barabara. Saa kumi na mbili ilipokaribia, mzee mmoja alikuja polepole, koti likimpwaya. Mimi nisingemtambua. Mama alifungua mlango akashuka. Hakukimbia wala hakuita. Alisimama ukingoni mwa barabara, mikono imeshuka, macho mbele. Nilitaka kupiga kelele: vuka, Mama, hakuna wa kukupiga! Badala yake nikashuka nikashika sketi yake, mimi mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu.

Mzee akavua kofia kwa mkono wa kulia.

Basi likasimama mbele yake, likamficha. Lilipoondoka, alikuwa anatutazama. Midomo yake ilicheza. Kisha, taratibu, kofia ikahamia mkono wa kushoto.

Dakika tatu zikapita, zikapita nyingine. Hapakuwa na mtu wa kupuliza filimbi ya pili, na wao walisimama tu, kila mmoja upande wake, wazazi wangu. Mwishowe mama akavuka bila kuangalia magari. Moja likapiga honi, nami nikalitukana kwa Kiswahili.

Jioni ile baba yangu alikula chakula cha matanga yake, kofia ikiwa mkono wa kushoto, akauliza nani amesahau chumvi.