Dawa Isiyonywewa

Mama yangu alijaliwa kipaji cha kukaripia. Akianza kwetu mtaa wa Saio, mbuzi wa mtaa wa pili, Ngezi, waliacha majani wakajiuliza wamekosa nini. Maneno yalitoka mfululizo, bila nukta wala mkato. Mimi niliyepata diploma kwa masomo ya jioni sijamwona mwalimu hata mmoja aliyeweza kushika sentensi ndefu vile.

Basi karipio lilipoanza kukatika, nyumba nzima iliingiwa na hofu. "Weye... mutoto... kichwa yako..." Halafu anashika ukuta, kifua kinalia kama mlango mbovu. Tulingoja mwisho wa tusi mpaka chai ikapoa, na mwisho haukuja. Hakuna kitu cha kutisha kama mama anayekusamehe kwa kukosa pumzi.

Daktari, mwanamke mpole, alisema mapafu yamechoshwa na moshi. Kabla ya kuja mjini Bunia, Mama alikausha samaki kule Kasenyi, kando ya ziwa, ameinamia moto ujana wake wote. Moshi alioumeza ungetosha kukausha samaki wa ziwa zima, na viboko juu yake. Ugonjwa wenyewe hautaondoka, daktari alisema, lakini kuna dawa ya kufungua njia ya hewa: vidonge vyenye unga ndani, pamoja na kifaa kidogo cha plastiki. Unatia kidonge humo, unakitoboa, unavuta unga. Akaongeza na kichupa cha dawa ya kupuliza mdomoni, cha dharura tu.

"Mama, utavuta moja kila asubuhi."

"Ndiyo, docta," Mama aliitika, kwa adabu nyingi mno. Ningepaswa kushuku palepale.

Wiki zikapita. Vidonge vilipungua vizuri kabisa, pumzi haikuongezeka hata chembe. Asubuhi moja nikaingia jikoni, nikamkuta ameweka kidonge juu ya ulimi, anakisukuma kwa chai.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakunywa... dawa. Haunione?"

"Hii si ya kunywa! Ni ya kuvuta!"

Akanitazama kama nimeingia kanisani na mtungi wa pombe kichwani. "Kuvuta? Miye... mama wa korali... mwimbaji wa kanisa? Balevi... ndio banavutaka. Dawa... banakunywaka."

Kumbe kosa lilikuwa limejificha ndani ya lugha yetu wenyewe. Kwetu dawa hunywewa, na anayevuta anavuta tumbako, au kitu kibaya kuliko tumbako. Nikajaribu neno jingine.

"Basi, tuseme ni ya kunusa."

"Kunusa! Kama bibi yako... na tumbako yake... mu pua? Toka hapa!"

Nilimpakia kwenye pikipiki pamoja na boksi la dawa, akinipinga kwa vipande njia nzima. Vile vidonge vyote vilivyokwisha kuingia tumboni! Kabla hatujafika hospitali, kichwani nilikuwa nimeshamzika, nimewalisha waombolezaji, na nimegombana na wajomba juu ya mahali pa kaburi.

Daktari alimsikiliza moyo, akamuuliza kama macho yanaona ukungu, kama kukojoa kunasumbua. Hapana, hapana. Mwishowe akatabasamu.

"Mapafu ndiyo yaliyokosa dawa, Mama. Ndani ya tumbo haikusaidii kitu. Lakini sioni ubaya iliokufanyia. Usimeze tena."

Nilishusha pumzi ya kujaza magurudumu ya lori, na la akiba.

Kisha akachukua kifaa kitupu atuonyeshe. Alitoa hewa yote pembeni, kwa sababu ukipulizia ndani ya kifaa, unyevu unaharibu unga. Akafunga midomo juu yake, kifua kikapanda polepole, kwa kina. Akabana. Akaachia.

Mama akaketi wima.

"Sasa hiyo, docta... si kuvuta. Hiyo ni kukamata pumzi! Mbele ya kuanza wimbo... tunafanyaka vile. Juu ya nini haukusema vile tangu mwanzo?"

"Ni vile, Mama. Kamata pumzi." Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akawa makini: moja tu kwa siku, usiongeze hata ukijisikia vibaya. Pumzi ikibana ghafla, hii siyo dawa yake. Tumia ile nyingine ya kupuliza niliyokupa, na isipotuliza, kimbia hapa. Kidonge kikae ndani ya karatasi yake mpaka saa yake. Unawe mikono, unga usifike machoni.

Haikuwa muujiza, ingawa majirani nimewaambia ilichukua robo saa. Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Siku moja nilijitia kusaidia: nikatoa kifaani ganda la kidonge kilichotumika, nikaandaa kidonge cha kesho, na jicho likaniwasha.

"Weye mutoto wa kusoma usiku kama popo, docta alisema unga isiingie mu macho na weye unakamata kidonge halafu unajipangusa na vidole vilevile kama mutu hana masikio, na ile ya kesho umeitoa mu karatasi yake umeiweka pembeni ya sufuria inatoa mvuke, unataka ioge ama, toka, enda unawe!"

Hakushika ukuta.

Nikaenda kwenye ndoo. Karipio lilinifuata mpaka uani, zima, halijakatika mahali popote. Nikanawa polepole, nisikose hata neno.