Fensi ya Saipras na Uji wa Wageni

Hadi leo nikikutana na mmoja wa wale wanawake wa kanisa hapo sokoni Kanyakine, nageuka najifanya nachagua nyanya. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine ikiwa imetiwa chumvi.

Nilijitakia. Nyumbani kwetu Mitunguu, mama mkwe wangu (tunamwita Cucu) alikuwa amezungusha ploti yote shubiri, hiyo alovera ya majani manene machungu, tangu hajamzaa bwanangu. Sasa mimi nikaenda kwa binamu yangu Embu, mtaa wa Dallas, nikaona fensi ya saipras, ile miti ya sehemu za baridi, imekatwa ikanyooka kama meza, nikarudi nikaona yetu ni ya kishamba kabisa, nikamsumbua bwanangu hadi tukaing'oa tukapanda saipras. Cucu alisema tu, "Ng'oeni huko kwenu. Hii ya kuzunguka nyumba yangu mtu asiiguse." (Nilimnunia wiki nzima.)

Lakini saipras na joto la Mitunguu, wapi na wapi? Kiangazi kilizikausha zikawa rangi ya majani ya chai. Asubuhi ambayo wanawake wa kanisa walikuwa wanakuja kuona mtoto wangu mchanga, nikazikata ncha zilizokauka, nikafagia, nikaona aibu kuwaachia wageni rundo la takataka langoni, nikasema acha nichome haraka haraka. Mtoto alikuwa amelala kwa Cucu, kwa nyumba yake ya mbao.

Upepo ukavuma mara moja tu, aki! Moto ukaruka kwenye fensi ukaanza kulia ta-ta-ta na kukimbia, na ulikuwa unakimbia kuelekea kwa Cucu. Nikakimbilia mlango wake, moshi ukanirudisha. Nikafungua mfereji, kimya, haikuwa zamu yetu ya maji, na tangi nilikuwa nimelimaliza nikinyunyizia hizo hizo saipras. Nikapiga nduru, "Woooi! Mtoto wangu anaungua!"

Ndipo wageni wakatokea langoni wakiimba, na mitungi yao ya ucuru, ule uji wa wimbi anaoletewa mama aliyejifungua. Salamu ya nani? Nikamnyang'anya mwenyekiti wao mtungi nikaumwaga motoni, nikachukua wa pili, nikachukua wa tatu, yeye nyuma yangu, "Mama Kendi, huo ni wako wa kunywa!" nami nikamjibu neno ambalo siwezi kulirudia hapa. Moto ukala uji ukaendelea. Leso ikaniponyoka, nikabaki na petikoti yenye kiraka mbele ya kanisa zima, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, na sikujali, nilikuwa naona mtoto wangu tu.

Moto ukafika kwa shubiri za Cucu. Nikafumba macho, sikuweza kuangalia.

Nikasikia mwenyekiti anasema, "Asante Yesu." Nikafumbua. Majani ya mbele yalikuwa yamebabuka, yanatoa maji na mvuke, na moto ulikuwa unafia hapo hapo, hatua chache kutoka kwa ukuta wa mbao. Upande wa pili shubiri ilikuwa kijani vile vile.

Mlango ukafunguka, Cucu akatoka na mtoto begani, akaangalia uji chini, akaangalia wageni, akaniangalia mimi na petikoti yangu.

"Kelele ni ya nini? Mtoto alikuwa amelala."

Nilipiga magoti pale kwenye uji nikalia. Nikamwambia, "Cucu, ulijua. Ndiyo sababu ulikataa ing'olewe. Ulijua moto hauipiti."

Akanipa mtoto, akaninyooshea na leso yangu. "Mimi sikujua kitu. Hiyo huwa nawawekea kuku kwa maji wakiugua."

Ukiiga ndovu kunya utapasuka msamba, na mimi nilipasuka mbele ya mashahidi. Mvua iliponyesha nilienda kwa Cucu kuomba machipukizi, nikapanda shubiri ploti yote kwa mikono yangu, na takataka siku hizi nazika, sichomi hata karatasi. Na kuku wa Cucu akipiga chafya tu, mimi ndiye wa kwanza kukimbia kumkatia dawa.